Kuibadilishia tumbo rejeta ya Land Rover ya baba

Fundi aliiegemeza rejeta, kile kifaa kinachopoza maji ya injini, kwenye pipa, akakwaruza sehemu yake ya chini kwa ncha ya bisibisi, na mapezi ya shaba yakapukutika kiganjani mwake kama magamba ya samaki aliyesahaulika juani. Kilichobaki mkononi kilikuwa unga wa kijani. Aliupuliza, akanitazama kwa muda, kisha akauliza: “Kijana, hii umeniletea niizibe au niizike?” Nilikuwa nimepanga kazi ya asubuhi moja tu, ya kuziba tundu na kuzibua mirija, lakini kwa swali hilo nilielewa kwamba mipango yangu imekwisha kabla haijaanza.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, lile refu ambalo watu huliita 109 tu kwa sababu ya inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Liliundwa mwaka 1976, mwaka uleule ambao kiwanda kilitimiza Land Rover ya milioni moja, nalo lilitumika miaka mingi katika shamba moja la mkonge kabla baba hajalinunua mnadani. Injini yake ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, ambayo haina haraka na wala haina makuu. Baba anaishi Lushoto, mimi naishi Tanga mjini, na gari limebeba kabichi, wagonjwa, mabiharusi na mifuko ya saruji baina ya sehemu hizo mbili kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayelifikiria kuwa gari la kale. Mimi ndiye niliyeanza kuliita hivyo, na baba bado analiona neno hilo kama matusi.

Kuchemsha kwake kulikuwa kwa zamani, na tulikuwa tumekwisha kukuzoea. Barabara kutoka Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 hivi, nayo hupanda kutoka takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Baba alikuwa na madumu mawili ya maji nyuma ya kiti na kituo chake cha kudumu pale Soni, ambapo sikuzote alidai anasimama kununua ndizi. Mwaka jana sindano ya geji ya joto ilianza kuingia kwenye nyekundu hata kabla ya Soni, na hapo ndizi hazikutosha tena kuwa kisingizio.

Mlima hulionea gari lenye rejeta mbovu kwa namna mbili, na ya pili wengi hawaifikirii. Kwanza injini inafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, hivyo upepo unaopita kwenye rejeta ni ule wa feni peke yake. Pili, kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema: Tanga, usawa wa bahari, sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Lushoto huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta upo kwa ajili ya jambo hilo. Ule wa magari haya hushikilia mgandamizo wa takriban pauni 9 kwa inchi ya mraba, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki Tanga mpaka yakaribie nyuzi 115, na Lushoto mpaka yapite 110. Mfuniko wetu ulikuwa na mpira uliokauka na kupasuka, kwa hiyo haukushikilia chochote, na injini ambayo themostati yake, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, ingetakiwa kufunguka kwenye nyuzi 82 ilibakiwa na nafasi ya nyuzi 13 tu kabla ya kutoa mvuke. Nilibadilisha mfuniko kwanza, kwa kuwa ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na gari likafika Soni bila kuchemsha. Kona tatu mbele likachemsha.

Kabla ya kuilaumu rejeta nilihakikisha kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ni nzima, kwa maana watu wengi hununua rejeta mpya na kugundua baadaye kwamba moto wa silinda ndio uliokuwa ukisukuma maji nje. Niliwasha injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi, nikatazama kama kuna mapovu yanayopanda mfululizo, hayakuwepo. Oili kwenye kijiti chake haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, dalili ya oili iliyoingiwa na maji. Kisha nikaliacha gari lipate joto vizuri, nikazima injini, nikasubiri feni isimame kabisa, ndipo nikapapasa rejeta kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Rejeta yenye afya hupoa polepole kuelekea chini, lakini yetu ilikuwa na ukanda wa moto upande mmoja na eneo kubwa lililokuwa baridi kama bomba la kisima. Penye baridi hapapiti maji. Niliifungua, nikaiweka wima, nikaijaza kwa mpira wa bustani huku tundu la chini likiwa wazi, na maji yakafurika juu kabla hayajatoka chini kwa kasi yoyote ya maana. Hata uzito wake uliisaliti, kwani niliibeba kwa mikono miwili huku nikihema, na rejeta tupu haitakiwi kumhemesha mtu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua nyingine. Nilitafuta Dar es Salaam, mtaani Gerezani, ambako muuzaji mmoja alinionyesha rejeta ya gari jingine kabisa na kunihakikishia kwamba “itaingia tu, bosi”. Niliipima kwa futi ya kamba mbele yake: mdomo wa mpira wa juu ulikuwa upande usiofaa, masikio ya bolti yalikuwa yamepishana na matundu ya fremu, na unene wake ungeigusa feni. Ingeingia, kama ingekatwa na kubanwa kwa nguvu. Nikatazama zile za alumini zinazouzwa Uingereza kwa ajili ya Series III. Sizidharau, ni nyepesi na hupoza vizuri, na anayeishi karibu na wauzaji wake hana sababu ya kuzikimbia. Kwetu, gharama ya kuisafirisha pamoja na ushuru ilikaribia bei ya rejeta yenyewe, na siku ambayo jiwe la barabara ya Mlalo litaitoboa, hakuna fundi wa mtaani wa kuiziba, kwa sababu alumini haikubali lehemu ya kawaida na mashine ya kuichomelea haipatikani kila kijiji.

Hapo ndipo nilipomwendea fundi huyu, mzee wa Ngamiani hapa Tanga, ambaye amefanya kazi za rejeta tangu nikiwa sijazaliwa. Baada ya swali lake la kuziba na kuzika alitoa hukumu fupi: “Matangi haya mazima. Haya huyapati tena. Tulibadili tumbo.” Tumbo kwake ni kile kiini cha katikati chenye mirija na mapezi, matangi ni yale masanduku mawili ya shaba ya njano, la juu linalopokea maji ya moto kutoka kwenye injini na la chini linaloyarudisha yakiwa yamepoa. Midomo ya mipira, shingo ya mfuniko na bomba la kutolea maji viko kwenye matangi, kwa hiyo matangi yakibaki, rejeta itarudi mahali pake kana kwamba haikuondoka.

Jambo linalowezesha haya yote ni lehemu. Rejeta za enzi hiyo zilijengwa kwa mirija bapa ya shaba ya njano na mapezi ya shaba nyekundu, na kila kiungo kikashikwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, ambao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Shaba yenyewe huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 900 kabla ya kuyeyuka. Tofauti hiyo kubwa ndiyo riziki ya fundi rejeta: anaweza kuifungua rejeta kwa moto wa gesi, kuitengeneza na kuifunga tena mara nyingi bila kuudhuru mwili wake.

Alilifungua tangi la juu mbele yangu. Alipitisha moto kwenye mshono huku mkono wa pili ukilinyanyua tangi kidogo kidogo kwa ndoano, na lehemu ilipolainika ikang'aa kama zebaki, tangi likaachia lote kwa pamoja. Ndani kulikuwa na tabaka la rangi ya maziwa yaliyochanganyika na kutu, gumu kama chokaa ya ukutani, na kwa kweli lilikuwa chokaa. Eneo la Tanga limekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yalichongwa na maji katika mawe hayohayo. Maji ya kisima tuliyoyamimina miaka yote yalikuwa na chokaa iliyoyeyuka ndani yake, na kila yalipopata moto, chokaa hiyo iliganda kwenye mirija. Kila dumu la Soni liliongeza tabaka. Kwa hiyo baba alikuwa akiiponya rejeta kwa dawa ileile iliyokuwa ikiiua, na siku nilipomweleza hivyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba maji ya Soni hayakuwa ya kisima.

Pamoja na chokaa kulikuwa na uvimbe wa kitu cha manjano kilichoganda kwenye midomo ya mirija ya upande mmoja. Fundi alinusa na kucheka. Ni bizari ya manjano, dawa ya madereva wa zamani: rejeta ikivuja njiani, unamimina vijiko kadhaa vya unga, unga unavimba na kuziba tundu. Wengine hutumia ute wa yai. Dawa hizi hufanya kazi, na nimeona gari likifika nyumbani kwa sababu yake, ila unga haujui tundu lipi ni la kuzibwa na lipi ni la kupitisha maji.

Kama tatizo lingekuwa chokaa peke yake, tungeweza kuzibua. Fundi ana tepe za chuma bapa, zile zinazofungia mizigo, alizozinoa pembeni, nazo huzipitisha katika kila mrija kutoka juu hadi chini. Alipitisha chache ili nione, na ukoko ukatoka kama ungaunga wa maganda ya mayai. Lakini mapezi yaliyooza hayazibuliwi. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula ile lehemu nyembamba inayoshikanisha pezi na mrija. Pezi likiachana na mrija, hata kwa upana wa unywele, joto haliwezi kuruka pengo hilo, na rejeta inayoonekana nzima kwa mbali inakuwa pambo. Nusu ya chini ya tumbo letu ilikuwa katika hali hiyo.

Tumbo jipya lilitoka Dar es Salaam kwa basi, likiwa limefungwa kwa maboksi na magunia. Fundi alikuwa amenisomea vipimo mara tatu kwa simu kabla ya kuruhusu fedha zitumwe: kimo cha mirija, upana, unene, idadi ya mistari ya mirija na nafasi kati ya pezi na pezi. La zamani lilikuwa na mistari mitatu, na muuzaji alitushawishi kuchukua la mistari minne. Fundi alikataa. Alisema mstari wa nne hupata upepo uliokwisha kupashwa moto na mitatu ya mbele, kwa hiyo faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ilhali unene unaoongezeka unaisogelea feni. Nilipopima nafasi iliyopo kati ya rejeta na feni nikaona ana haki. Upana wa tumbo ulizidi kidogo, akaupunguza kwa kuondoa mirija ya pembeni, akatoboa upya mabamba ya shaba yanayoishika mirija juu na chini.

Siku ya kulehemu nilifika mapema kwa sababu nilitaka kuona anavyotengeneza dawa yake. Shaba iliyopata oksijeni haishiki lehemu. Ni lazima isafishwe kwa kitu kikali wakati uleule inapopashwa moto. Mzee alimimina tindikali ya hidrokloriki kidogo katika mtungi wa kioo, uwanjani, mbali na moto, akaanza kutumbukiza vipande vya zinki alivyovikata kutoka kwenye maganda ya betri kuukuu za tochi. Tindikali ikafoka mapovu na kutoa mvuke uliochoma pua. Hewa inayotoka pale ni haidrojeni, inayoshika moto upesi, ndiyo maana alikwishaufunga mtungi wa gesi kabla ya kuanza. Aliendelea kuongeza zinki mpaka kipande cha mwisho kikalala chini kimya. “Ikinyamaza imekufa,” akasema, na hivyo ndivyo wanavyoiita kazi hiyo, kuiua tindikali.

Alipaka maji hayo kwa unyoya wa kuku kwenye bamba la shaba, akalipasha moto kwa chini, na alipogusa kwa mche wa lehemu, lehemu ilienea yenyewe ikafuata joto. Alinifundisha jambo moja ambalo nilikuwa nikilikosea miaka yote: moto hauyeyushi lehemu, moto hupasha shaba, na shaba ndiyo inayoyeyusha lehemu. Ukiiyeyusha lehemu kwa moto na kuidondoshea shaba baridi, inakaa juu kama nta ya mshumaa kwenye meza, na mtikisiko wa kwanza wa barabara unaibandua. Alipokuwa akifunga mdomo wa mrija mmoja, mirija ya jirani ilifunikwa kwa matambara mabichi ili lehemu yake isiachie. Mirija ni mingi, na kila mmoja ulipata zamu yake. Kabla ya saa sita matangi yote mawili yalikuwa yamerudi, na mshono ulikuwa mwembamba, wenye rangi ya fedha, bila yale mabonge ambayo mafundi wasio na subira huyaacha.

Mabaki ya tindikali, hata iliyokufa, hula shaba polepole, kwa hiyo aliisafisha rejeta nje na ndani kwa maji ya moto yenye magadi mpaka isitoe povu tena. Kisha akaziba midomo kwa vipande vya mpira wa tyubu, akaunganisha kompresa, akaweka pauni 10 tu na kuizamisha ndani ya pipa. Tulikaa tumeinamia maji. Mapovu yalitoka sehemu mbili: moja kwenye kona ya tangi la chini, na nyingine, kipovu kimoja kila baada ya muda, kwenye shina la bomba la kutolea maji, ambalo si yeye aliyelilehemu bali kiwanda. Aliyaziba yote mawili, akaizamisha tena, maji yakatulia. Rangi nyeusi aliipuliza nyembamba sana, kwa maelezo kwamba rangi nene ni blanketi.

Kazi ya kurudisha ni ndogo, lakini sikutaka kufunga rejeta safi kwenye injini chafu. Nilifungua plagi ya kutolea maji iliyo ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini, na hakikutoka kitu mpaka nilipochokonoa kwa waya. Ndipo likaja tope jekundu, zito, lenye harufu ya chuma. Niliiosha bloku kwa mpira wa maji kinyume cha mzunguko wake kwa muda mrefu, hasa kwa ajili ya sehemu ya nyuma, karibu na silinda ya nne, ambako tope hupenda kutua.

Pia nilirudisha themostati. Gereji moja iliwahi kuitoa kwa hoja niliyoisikia mara nyingi kwamba nchi zetu ni za joto na hazihitaji kifaa hicho. Injini hii ina mpira mfupi unaoyarudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta, na themostati ya aina iliyokusudiwa hubana njia hiyo inapofunguka kikamilifu. Ukiitoa, sehemu ya maji inaendelea kuzunguka kwa njia ya mkato hata mlimani, ndani ya injini iliyokwisha kupata moto. Asubuhi, kwa upande mwingine, injini inachelewa kupata joto, inakunywa petroli na kujichakaza. Nimeweka ya nyuzi 82.

Kuhusu maji sitaki tena mjadala na baba. Mfumo unachukua lita 10 hivi, nami nilitumia maji ya mvua niliyoyakinga kutoka kwenye bati, nikachanganya na kulanti, dawa ya maji ya rejeta, ya kijani ya aina ya zamani, ambayo hupatana na shaba na lehemu. Sisi hatuna barafu ya kuiogopa, na kulanti kwa kweli hubeba joto kidogo kuliko maji matupu, ila ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, na hizo ndizo ninazozilipia.

Tulipanda Jumamosi moja mchana, baba akiendesha, na magunia manne ya saruji nyuma, kwa sababu alikataa kupanda gari tupu kwa ajili ya majaribio. Sindano ilipanda mpaka katikati karibu na Mombo, ikakaa hapo. Soni alisimama, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya tangi la juu, akakiondoa haraka, akaenda kununua ndizi. Lushoto tuliingia sindano ikiwa imesogea upana wa kucha kutoka katikati.

Mwezi uliopita nilitoa lita moja kutoka kwenye bomba la chini na kuiacha itulie katika chupa ya kioo usiku kucha. Kijani bado kipo, ila chini palikuwa na vumbi jekundu la unene wa karatasi, kwa hiyo bloku bado inatema. Nitamwaga yote na kuosha tena kabla ya masika.